Habari za Kinyonga na Rangi Zake



Mazungumzo ya leo ni juu ya mnyama ambaye hapana mtu katika nchi zetu asiyemjua, wala hapana wengi wamjuao vema. Mnyama huyo ni kinyonga, ambaye wengine humwita lumbwi. Jina lake limekwisha kuwa tusi. Mtu akigeuza maneno yake kila akutanapo na mkubwa mpya, akisema ndiyo barazani na siyo njiani, huambiwa, "Huyo kinyonga tu." Na neno kigeugeu, lisemwalo juu ya mtu asiye na msimamo, watu wengine hulitumia kuwa ni jina la mnyama mwenyewe. Basi hukumu imekwisha katwa: kinyonga ni mwongo wa rangi, akitua juu ya jani huwa jani, akitua juu ya gome huwa gome, na lake mwenyewe hana.

Nimependa kuichukua hukumu hiyo na kuitazama upya, maana mabingwa wa elimu ya viumbe wamefanya kazi kubwa katika miaka ya karibuni, na waliyoyaona hayapatani na tusemayo barazani. Tena liko jambo la pili lililo zito kuliko hilo. Mnyama huyu tuliyemfanya kuwa mfano wa wepesi wa kubadilika, mahali pengine anakwisha kwa sababu hawezi kubadilika. Hilo nitalifikia, lakini sharti kwanza tumjue mnyama mwenyewe.

Watu wengi humwogopa. Wazulu husimulia ya kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaambie wanadamu kuwa hawatakufa. Kinyonga akaenda polepole, akasimama njiani kula matunda, na nyuma yake akatumwa mjusi mwenye neno la mauti, naye akafika mbele. Wakikuyu wana kisa kilicho karibu na hicho, ila kwao aliyemtangulia kinyonga ni ndege. Visa vya namna hii vimeenea katika makabila mengi ya Kibantu, na pengine watoto walimlipiza kinyonga kwa kumtia tumbaku kinywani. Hata leo wako watu ambao wakimwona juu ya ua hutafuta jiwe. Lakini kinyonga hana sumu katika meno, wala katika ngozi, wala katika mate. Ukimkaribia atajijaza pumzi, atatoa sauti kama ya nyoka, na kufunua kinywa chake chote. Hivyo vyote ni vitisho vya mtu asiye na silaha. Akikuuma, kidole kitauma kidogo, na mambo yamekwisha.

Sasa mtazame miguu. Vidole vyake vitano vimefungamana mafungu mawili, hata kila mguu umekuwa kama koleo la mhunzi. Katika miguu ya mbele vidole vitatu viko upande wa ndani na viwili nje. Katika miguu ya nyuma mambo yamegeuzwa, viwili ndani na vitatu nje. Kwa koleo hizo nne, pamoja na mkia ujizungushao kama mkono wa tano, hutembea juu ya kijiti chembamba wala asianguke. Mkia huo si kama wa mjusi wa ukutani, ambao ukikatika huota mwingine. Wa kinyonga ukikatika umekatika. Na ule mwendo wake wa kusitasita, mbele kidogo, nyuma kidogo, ambao watu huucheka, una maana yake. Jani likipigwa na upepo huyumba vivyo hivyo, na ndege mwenye njaa hutafuta kiendacho, hatafuti kiyumbacho.

Macho yake yamefunikwa na kope zilizoungana, zikaacha kitundu kidogo tu katikati. Kila jicho hugeuka peke yake, hata moja laweza kutazama mbele na la pili likatazama nyuma wakati ule ule. Akimwona panzi, macho yote mawili humgeukia, na kinyonga hupima umbali. Katika mambo ya kupima hana mwenziwe, kwa kuwa lenzi ya jicho lake imeumbwa namna ya kuikuza sura ya kitu kama lenzi za wapiga picha za kuvutia vitu vya mbali, naye huweza kujua umbali wa kitu hata kwa kukilenga kwa jicho moja.

Akiisha kupima, hufunua kinywa kidogo, na hapo ndipo lilipo ajabu lake kubwa kuliko rangi zote. Ulimi hutoka, hupiga, hurudi na windo, wala jicho la mtu haliwezi kuufuata. Msuli peke yake hauwezi kufanya jambo kwa upesi namna ile. Siri yake ni hii. Katikati ya ulimi uko mfupa mwembamba uliochongoka. Mfupa huo umezungukwa na ala za nyuzi ngumu, ala ndani ya ala, na juu ya ala hizo uko msuli wa mviringo. Kinyonga ajitayarishapo, msuli hukaza na kuzivuta zile ala polepole, kama mkono wa mwindaji uuvutavyo upinde. Zikifika penye ncha ya mfupa huteleza zote kwa mara moja, na nguvu iliyokuwa imewekwa akiba hutoka kama nguvu ya upinde. Kwa hiyo mshale hukimbia kuliko mkono ulioutupa. Na mwishoni mwa ulimi pana ute mzito kama ulimbo wa mtega ndege. Wataalamu waliupima, na mwaka wa 2016 wakatangaza ya kwamba uzito wake wa kuvutika ni kama mara 400 ya mate ya mwanadamu.

Mwaka huo huo wa 2016 mtaalamu wa Marekani aitwaye Christopher Anderson alitoa habari za vinyonga wa aina 20 aliowapiga picha za mwendo wa upesi sana wakati wa kula. Aliyewashinda wote hakuwa mkubwa, bali ni mdogo asiyepita urefu wa kidole, mwenye kitu kama ua puani, mkazi wa misitu ya milima ya Usambara katika Tanzania, wala hapatikani mahali pengine popote duniani. Ulimi wake huondoka kwa nguvu iliyo mara 264 ya nguvu ya dunia inayokivuta kitu kianguke, nao hufika mbali kiasi cha mara mbili na nusu ya urefu wa kiwiliwili chake. Mashine nyingi za wanadamu hazianzi mwendo kwa ghafula hivyo.

Upinde huo una faida nyingine. Wanyama wa jamii ya mjusi hutegemea joto la jua. Asubuhi ya baridi misuli yao ni mizito, nao hungoja. Lakini nguvu iliyowekwa akiba katika nyuzi haijali baridi sana kama msuli. Anderson na mwenziwe Stephen Deban walitangaza mwaka wa 2010 ya kwamba joto likishuka kwa digrii 10 za Sentigredi, upesi wa kuutoa ulimi haupungui hata kwa moja ya tano, bali upesi wa kuurudisha, ambao ni kazi ya msuli mtupu, hupungua kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana kinyonga wa mlimani huweza kupata kifungua kinywa wakati ambapo mijusi wengine bado wamelala kwa baridi.

Haya, tuje kwenye rangi, maana ndiko kwenye kesi.

Ile habari ya kwamba kinyonga hufuata rangi ya kila akanyagapo haikuanza kwetu. Pliny, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka wa 79, aliandika ya kuwa kinyonga hutwaa rangi ya kitu kilicho karibu naye, isipokuwa nyekundu na nyeupe. Mwandishi huyo huyo aliandika pia ya kwamba kinyonga hali wala hanywi, bali huishi kwa hewa tu. La pili watu walikwisha kuliacha zamani, maana kila mtoto aliyemwona akimlamba nzi amelijua kuwa si kweli. La kwanza limebaki, na ukitaka kulijaribu si kazi ngumu. Mweke kinyonga juu ya kanga yenye maua mekundu na ya manjano, ungoje. Atakuwa na rangi zake za hasira au za hofu, kisha atashuka aende zake. Maua ya kanga hayatatokea mgongoni mwake.

Rangi hubadilika namna gani? Kwa muda mrefu ilidhaniwa ya kuwa kuna rangi za aina nyingi katika ngozi, nazo husambaa na kujikusanya. Kwa rangi nyeusi ni kweli: katika ngozi yake mna chembe zenye matawi, na weusi ukisambaa katika matawi hayo mnyama mzima hufifia na kuwa na giza. Lakini kwa kijani, samawati, manjano na nyekundu jambo ni jingine, nalo liligunduliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva katika Uswisi, waliotangaza mwaka wa 2015 habari za kinyonga mmoja wa Bukini mwenye rangi nyingi. Chini ya ngozi yake mna chembe zilizojaa fuwele ndogo mno za kitu kiitwacho guanini. Fuwele hizo hazina rangi yake zenyewe. Zimepangwa kwa safu, na nuru ikizipiga hurudishwa kwa rangi fulani kwa kadiri ya nafasi iliyo kati ya fuwele na fuwele, kama povu la sabuni lionyeshavyo rangi za upinde wa mvua bila kutiwa rangi yo yote. Kinyonga aliyetulia, fuwele zake hukaribiana, nazo hurudisha nuru ya samawati. Nuru hiyo hupita katika utando wa manjano ulio juu, nasi tukaona kijani. Akichafuka moyo, fuwele huachana, nuru inayorudi huwa ya manjano, kisha ya machungwa, kisha nyekundu. Chini ya safu hiyo iko nyingine ya fuwele kubwa zaidi, ambayo yaelekea kazi yake ni kulirudisha joto la jua lisimwunguze.

Basi zingatieni hapo: kijani ni rangi ya utulivu. Kinyonga aliye kijani katika majani ya kijani hakufanya hila. Amestarehe nyumbani kwake.

Na sababu za kuiacha kijani hiyo ni zipi? Moja ni joto. Alfajiri utamwona amekuwa na giza, amejibana ubavu mmoja kuelekea jua, kwa kuwa kitu cheusi hunywa joto. Likipanda jua hurudi kuwa na rangi hafifu. Lakini sababu kubwa ni kusema na wenziwe. Kinyonga hana masikio ya nje, wala hana sauti ya kuitana, naye huishi peke yake mtini. Dume akimwona dume mwingine hujitanua ubavu na kuwasha rangi zake zote. Huko Marekani, Russell Ligon na Kevin McGraw waliwapambanisha madume wa kinyonga atokaye Yemen na nchi ya jirani yake ya Saudi Arabia, wakatangaza mwaka wa 2013 ya kwamba dume mwenye mistari ing'aayo zaidi ubavuni ndiye aliyeelekea kusogea mbele, na yule ambaye kichwa chake kiliwaka upesi zaidi ndiye aliyeelekea kushinda. Na baadaye ikaonekana ya kuwa anayeshindwa hufifia akawa na giza, yaani hukubali kushindwa kwa ngozi yake, naye mshindi humwacha. Majike nao wana maneno yao. Jike wa aina nyingi aliye na mayai tumboni, akifuatwa na dume, hubadilika rangi mara moja akawa na weusi wenye madoa makali, na maana yake haihitaji mkalimani.

Nisizidishe kumtetea, nikasema ya kuwa hajifichi kamwe. Hujificha. Katika Afrika ya Kusini, Devi Stuart-Fox na wenziwe walimjaribu kinyonga mdogo wa huko kwa sanamu ya ndege na sanamu ya nyoka, wakaona ya kuwa mbele ya ndege hujilinganisha vema zaidi na mahali alipo kuliko mbele ya nyoka. Sababu, kwa fikira zao, ni kwamba jicho la ndege hutambua rangi kuliko la nyoka. Lakini Stuart-Fox huyo huyo na Adnan Moussalli, walipozilinganisha aina nyingi za vinyonga wa nchi ile mwaka wa 2008, waliona ya kuwa aina zenye uwezo mkubwa wa kubadili rangi si zile zikaazo mahali penye rangi nyingi za kujifichia, bali ni zile ambazo madume wake huonyeshana kwa rangi kali. Kwa hiyo ustadi wa kugeuza rangi ulikua kwa ajili ya kuonekana kuliko kwa ajili ya kufichika.

Hapo mithali yetu ina mashaka. Watu wa kale wa Uyunani nao walikuwa na mithali hiyo. Plutarch, katika habari za maisha ya Alcibiades, kiongozi wa Athens, amesimulia jinsi mtu huyo alivyokuwa akifika Sparta huoga maji ya baridi na kula mkate wa shayiri kama Wasparta, na akifika kwa wapenda anasa akawashinda kwa anasa. Akasema ya kwamba huyo amempita kinyonga, maana kinyonga, kama walivyoamini wakati ule, kuna rangi moja isiyomwezekania, nayo ni nyeupe. Sisi husema bendera hufuata upepo. Ni maneno mazuri juu ya wanadamu, lakini kinyonga hakustahili kuingizwa. Mnafiki huvaa uso wa wale aliosimama kati yao ili lililo moyoni lisijulikane. Kinyonga, kwa kadiri tujuavyo sasa, hufanya kinyume: akiwa na hofu ngozi yasema hofu, akishindwa yasema nimeshindwa, akiwa na baridi yasema nina baridi. Ikiwa ni lazima tumtafutie mwenzake katika watu, ningemtafuta katika wale wasioweza kuficha hasira yao hata wakijaribu, wala nisingemtafuta katika wanafiki.

Kubadilika kwa kweli, kule kwa kiumbe kulingana na nchi anamokaa, ni jambo jingine, nalo haliendi kwa dakika. Huenda kwa vizazi. Tazama jinsi jamii hii ilivyotawanyika. Aina zijulikanazo zapita 200, na karibu nusu yake wako Bukini. Wako wenye urefu wa sentimita 60 na zaidi, na yuko mmoja wa Bukini, aliyeandikwa katika vitabu vya elimu mwaka wa 2021, ambaye dume wake pamoja na mkia hafiki milimita 22, yaani angeweza kulala juu ya ukucha wa kidole gumba akabakiza mkia tu. Wale waishio chini, katika majani makavu ya msitu, wana mkia mfupi na rangi ya kahawia, na wamefanana na jani lililokauka hata mishipa ya jani. Kinyonga wa pwani na wa nyika, mwenye masikio ya ngozi nyuma ya kichwa, hushuka mtini akachimba shimo na kutaga mayai mengi, kisha huyafukia na kwenda zake, nayo hukaa miezi mingi udongoni. Bali kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya, ambako udongo ni wa baridi, hatagi. Huyabeba mayai tumboni kwenye joto la jua, akazaa watoto walio hai. Na kusini magharibi ya Bukini, katika nchi ya kiangazi kirefu, yuko mmoja ambaye huanguliwa mvua zianzapo, hukua, hutaga, akafa, yote kwa muda wa miezi minne au mitano. Miezi iliyobaki ya mwaka aina yote iko chini ya udongo, mayai matupu.

Mabadiliko ya namna hiyo huchukua muda gani? Tuna bahati ya kuwa na mfano mmoja wenye tarehe. Mwaka wa 1972 vinyonga wa pembe tatu, wasiozidi arobaini, walichukuliwa kutoka Kenya wakapelekwa kisiwa cha Oahu, katika visiwa vya Hawaii, kwa biashara. Waliachwa bustanini wapate nafuu ya safari, wakatawanyika, wakazaana. Huko Hawaii nyoka wa kuwala hawako, na ndege wa kuwawinda ni wachache. Baada ya miaka hamsini, wataalamu waliwalinganisha na ndugu zao wa Kenya, na habari zake zikatangazwa mwaka wa 2022. Wale wa Hawaii walikuwa na rangi za kung'aa zaidi wakati wa kugombana na wakati wa kutafuta majike, na walipoonyeshwa sanamu ya ndege au ya nyoka walijificha vibaya kuliko wale wa kwao. Hofu ilipoondoka, rangi zikaongezeka. Nusu karne, na vizazi makumi kadha, kwa jambo dogo kama mng'ao wa rangi ambayo tangu hapo walikuwa nayo.

Sasa linganisheni nusu karne hiyo na kazi ya shoka.

Kutoka vilima vya Taita katika Kenya hadi milima ya Udzungwa katika Tanzania iko safu ya milima ya kale, Upare, Usambara, Nguru, Uluguru na mingineyo, ambayo hupokea mvua na ukungu wa pepo za Bahari ya Hindi. Kila mlima umetengwa na mwingine kwa nyika kavu, kama visiwa vilivyotengwa na bahari, na viumbe waliomo wameishi peke yao muda mrefu mno. Kwa hiyo karibu kila mlima una vinyonga wake. Mwaka wa 2006 wataalamu walipowatenga vinyonga wengi wa milima hiyo kuwa kundi moja la peke yao, walilipa kundi hilo jina la Kinyongia, yaani walilichukua neno letu wakalitia katika elimu ya dunia. Na bado hawajaisha kujulikana. Mmoja wao alipatikana katika msitu wa Magombera, chini ya milima ya Udzungwa, mtaalamu wa Uingereza Andrew Marshall alipokuwa akitafuta habari za kima. Alimshtua nyoka wa mtini aliyekuwa akila, naye nyoka akamwacha kinyonga aliyekuwa kinywani. Kinyonga huyo hakuwa na jina katika kitabu cho chote. Alipewa jina la msitu huo mwaka wa 2009.

Zaidi ya nusu ya misitu ya milima hiyo imekwisha katwa, kwa mashamba ya chakula, kwa kahawa na chai, kwa mbao na makaa. Wako vinyonga wanaovumilia. Yule wa pembe tatu hukaa katika ua za bustani za Nairobi, na wa pembe mbili wa Usambara ya magharibi huonekana hata katika vichaka vya kando ya njia. Lakini wale wadogo wa msituni, hasa wakaao chini katika majani makavu, wamelingana na kivuli na unyevu hata hawawezi kuishi penye jua kali. Ukikata miti, ardhi hukauka, majani huisha, na wadudu wao huisha. Wala hawawezi kuhama. Mnyama mwenye miguu ya koleo, aliye mdogo kama kidole, havuki shamba lililolimwa, hata kama msitu wa pili uko ng'ambo yake tu.

Jambo hili limeonekana wazi katika nchi ya Malawi. Kusini kabisa, karibu na Nsanje, viko vilima ambavyo msitu wake una kinyonga mdogo wa urefu wa sentimita tano na nusu hivi, asiyekuwako mahali pengine. Aliandikwa vitabuni mwaka wa 1992 na Colin Tilbury. Baadaye, picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha ya kuwa tangu katikati ya miaka ya 1980 hata 2019 nne ya tano ya msitu ule ilikuwa imekwisha, na wengi walidhani kinyonga yule amekwisha pamoja nao. Mwaka wa 2016 Tilbury na Krystal Tolley na wenzao wakaenda kutazama. Walitafuta usiku kwa taa, kwa sababu kinyonga alalapo hupauka, na mwanga ukimpiga huonekana kama kijani kilichofifia kati ya majani meusi. Wakampata, wachache katika kipande kimoja cha msitu, wengine katika kipande cha pili na cha tatu, na watoto waliotoka mayaini karibuni wakiwamo. Walipochunguza asili zao za urithi, wakaona ya kuwa vinyonga wa kipande kimoja hawazaani na wa kipande kingine. Kila kundi limebaki peke yake, likizunguka katika damu yake. Habari hizo zilitangazwa mwaka wa 2021. Vipande vile havitengwi na mto wala jabali. Vimetengwa na ardhi iliyolimwa.

Mtu mmoja jambo hili lilikuwa limemjia akilini mapema. Mwaka wa 1998, msitu ulipokuwa bado unakatwa, vinyonga 37 walikamatwa katika vilima vile wakachukuliwa umbali wa kilomita 95 hivi kuelekea kaskazini, mahali paitwapo Mikundi, wakaachwa katika kipande cha msitu uliokuwa mzima. Walitazamwa mwaka wa 2001, wakakutwa wako. Walitazamwa tena mwaka wa 2012, miaka kumi na minne baada ya kuletwa, na bado walikuwako, katika kivuli, juu ya majani makavu.